Usiitafute Nyota ya Kaskazini: nilivyopiga michirizi ya nyota Natron

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dodoma aliniandikia: "Kaka, nimeangalia video tatu za michirizi ya nyota, zote zinasema nielekeze kamera kwenye Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta siku nne. Iko wapi?"

Michirizi ya nyota ni mistari inayotokea unapounganisha picha nyingi za usiku mmoja, na kaskazini mwa dunia mistari hiyo huizunguka nyota hiyo. Kwetu haipo, dada. Ukiwa Dodoma nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Swali lako limenigusa kwa sababu na mimi nilipoteza usiku kama huo, na hela, na mteja.

Miaka miwili iliyopita mwenye hoteli moja alinipa kazi ya picha kubwa ya ukutani: mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa na nyota zinazozunguka juu yake. Alinilipa nusu. Nikafika Engaresero, karibu na Ziwa Natron, nikiwa na maelekezo ya kwenye mtandao yaliyoandikwa na watu wa Ulaya. Nikageuza kamera kaskazini, nikaupa mlima mgongo. Saa nzima nilisubiri duara lisilokuja. Nilipogeuka kusini usiku ulikuwa umekwenda, na bado nikafanya kosa la pili: niliacha kamera ikisafisha yenyewe chembechembe, yaani vile vidoadoa vinavyotokea kwenye picha za gizani. Kipengele hicho, kila baada ya picha ya sekunde 30, hupiga nyingine ya giza ya sekunde 30 ili kulinganisha. Muda huo nyota haikusubiri. Nilipounganisha picha nyumbani, kila mchirizi ulikuwa umekatikakatika kama mshono wa cherehani. Mwenye hoteli aliitazama kwenye simu kwa muda mfupi sana, kisha akasema atatafuta mtu anayejua. Akamleta mpiga picha kutoka nje ya nchi. Neno lile, "anayejua", bado linaniuma.

Mwezi wa saba mwaka huu nilirudi kwa nauli yangu, usiku usio na mwezi. Safari sina haja ya kuisimulia, aliyepita njia ile anaijua vumbi lake.

Safari hii nilikuwa nimeisoma anga yetu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na nyota huonekana kuzizunguka ncha mbili za anga, ya kaskazini na ya kusini. Urefu wa ncha juu ya upeo ni sawa na umbali wako kutoka ikweta kwa nyuzi. Pale Engaresero ni kama nyuzi 2 na nusu tu, na Lengai iko kusini mwa kijiji, kilele chake kikionekana juu kuliko hapo. Maana yake ncha ya kusini imejificha nyuma ya mlima wenyewe! Huhitaji kuiona. Kila nyota ya upande ule inachomoza nyuma ya mteremko wa kushoto, inapanda, inainamia kulia, na mlima unakuwa kama umevikwa taji. Ukigeukia mashariki, nyota zinapanda wima, mistari iliyonyooka kama mvua inayorudi mbinguni. Mtu wa Norway hawezi kuipata picha hiyo nyumbani kwake.

Mipangilio yangu ilikuwa hii: lenzi ya milimita 14, tundu la lenzi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, sekunde 30 kwa kila picha, faili za RAW, yaani picha ghafi, rangi ya mwanga nimeifunga kwenye 4000K ili isibadilikebadilike. Fokasi kwa mkono: chagua nyota inayowaka sana, ikuze kwenye skrini, zungusha lenzi mpaka iwe kitone kidogo kabisa, kisha usiiguse tena. Mengine yote ni kuzima. Zima otofokasi. Zima usafishaji wa chembechembe. Zima kitulizo cha mtikisiko kama kamera iko kwenye tripodi. Zima na tochi yako ya kichwani, wengi wanaisahau.

Tena, usiiamini sana ile sekunde 30. Kwenye kamera nyingi kwa kweli ni 32. Ukipanga ipige kila baada ya sekunde 31, itaruka picha, na mshono wa cherehani unarudi. Mimi naweka kamera kwenye kupiga mfululizo, naifunga rimoti ikiwa imebonyezwa, nachomeka pawabenki, naondoka. Natron ina upepo, kwa hiyo nilining'iniza mfuko wa mawe chini ya tripodi.

Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 7 nilipata picha zaidi ya 550. Karibu na saa 6 wapandaji walianza safari ya kileleni, taa zao zikachora mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni mwa Lengai. Sikuupanga mstari ule. Nilipoziunganisha kwa StarStaX, programu ya bure, nililia, nasema kweli.

Wazee wetu walilima kwa kuangalia Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na hawakumsubiri mgeni awafundishe anga iliyokuwa juu ya paa lao. Sisi tuna kamera za mamilioni, na tunaelekeza lenzi mahali tulipoambiwa na mtu ambaye hajawahi kusimama hapa. Vijana, tokeni nje kabla ya kufungua video! Kaeni usiku mmoja bila kamera, mjue nyota zinachomoza wapi na kuzama wapi. Na zimeni vile nilivyowaambia mzime.

Sasa dada wa Dodoma. Kwako ncha ya kusini iko nyuzi 6 hivi juu ya upeo: nyoosha mkono, banisha vidole vitatu, ni juu kidogo ya hapo. Toka upande wa kusini wa mji ili taa zibaki mgongoni. Tafuta mbuyu uliosimama peke yake, simama kaskazini yake, uweke shina katikati ya picha. Jua linapozama piga picha moja ya mbuyu ukiwa bado na mwanga, usiisogeze tripodi hata kidogo, kisha subiri giza liingie vizuri. Saa mbili zinatosha kwa kuanzia. Nitumie utakachopata, hata kikiwa na mishono.