Sumu Haioti

SWALI: Naandaa makala ya afya. Jina la kuvu, Aspergillus, niliandike hivyo hivyo au "aspajilasi"? Sentensi yangu ni hii: "Sumukuvu ya kijani imeota kwenye karanga."

JIBU: Jina la kisayansi liache lilivyo, kwa herufi za mlazo. Katika maelezo ya kawaida, "aspajilasi" haimkeri mtu. Jina hilo la kisayansi alilibuni Pier Antonio Micheli, padri wa Italia, mwaka 1729. Katika hadubini aliona kikonyo chenye kichwa kilichojaa vijimbegu, akakumbuka kinyunyizio cha maji ya baraka, akaipa kuvu jina la chombo hicho kwa Kilatini. Hilo limekwisha.

Sasa hiyo sentensi yako. Sumukuvu imeota! Tangu lini sumu ikaota? Katika maneno yetu ya kuunganisha namna hii, nomino ya kwanza ndiyo bwana. Batamzinga ni bata (mwenyewe akitaka asitake), si mzinga. Sumukuvu nayo ni sumu, itolewayo na kuvu. Anayesema sumukuvu imeota na atwambie pia kwamba jana alikanyaga sumu ya nyoka, ikageuka, ikamtolea ulimi, kisha ikatokomea nyasini.

Batamzinga sikumtaja bure. Mwaka 1960, zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu iliyowaua ikaja kuitwa aflatoksini: "a" ya Aspergillus, "fla" ya flavus (pamoja ndilo jina la kuvu iliyoitoa), na toksini ndiyo sumu yenyewe. Kuvu hiyo ina rangi ya manjano-kijani, unaiona. Sumu yake huioni. Sasa mtu aliyezoeshwa kusikia "sumukuvu imeota" hufuta karanga kwa kitambaa, akatafuna kwa amani. Mwingine huzichemsha: kuvu inakufa, sumu kwa sehemu kubwa inabaki.

Magonjwa yenyewe hayachanganyi mambo haya. Vijimbegu vya kuvu huingia kwa pua. Wengi wetu twavivuta kila siku bila kudhurika, ila mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu au aliyeachiwa tundu la pafu na kifua kikuu anaweza kuugua mapafu. Sumu huingia kwa mdomo, ikalishambulia ini, hata kuleta saratani.

Andika basi: "Kuvu ya kijani imeota kwenye karanga, huenda zina sumukuvu." Aspergillus usiitaje mpaka maabara iseme, maana Penicillium, kuvu nyingine, nayo huvaa kijani. Ukipenda "ukungu", ruksa. Wa "fangasi" nilishachoka kugombana nao.