Mjamzito akiacha sigara akahamia iqmik: majivu ndiyo ya kuuliza

Mkuu, umeuliza kama wanawake wa Yup'ik, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Alaska, wanamsaidia mtoto pale wanapoweka sigara kando wakishika mimba na kutafuna iqmik (tumbaku iliyochanganywa na majivu) badala yake. Jibu fupi: mtoto anaepushwa na moshi, lakini nikotini iko palepale, pengine kwa wingi zaidi. Moshi si kitu kidogo. Hewa ya kaboni monoksidi hushika damu ya mtoto na kumnyima oksijeni, na ndiyo maana tafiti za Alaska zilikuta watoto wa wanaotafuna hawapungui uzito kiasi cha wale wa wavutaji. Tatizo ni kwamba uzito wa kuzaliwa ukiwa mzuri, mama na nesi wote wanatulia, na nikotini inasahaulika.

Iqmik ni tumbaku iliyokaushwa kwa moto (wakulima wa Songea na Namtumbo wangeiita tumbaku ya moshi) ikachanganywa na majivu ya uyoga mgumu unaoota kwenye shina la mti wa betula. Uyoga ukikosekana, huchomwa vichaka kama mierebi. Kwa kuwa majivu yametoka porini, watu huona ni kitu cha asili na salama kuliko sigara ya dukani. Tumbaku yenyewe iliingia huko kwa biashara ya Warusi na watu wa Siberia, kwa hiyo si sawa na tumbaku ya ibada ya Walakota au Waojibwe, wenyeji wengine wa asili wa Amerika Kaskazini, na mhudumu asizichanganye hizo mbili anapoongea na mgonjwa.

Sasa kemia, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Nikotini hupenya ngozi laini ya mdomo ikiwa haina chaji. Hilo hutegemea pH, kipimo cha asidi na alkali: namba ikipanda, alkali imezidi. Kwenye pH 6 ni kama asilimia 1 tu iliyo hivyo. Kwenye pH 8 ni nusu, kwenye 9 ni karibu asilimia 91, kwenye 10 ni 99. Majivu yale ni alkali kali, yanafika pH ya 11 hivi. Jani lilelile, kipimo kilekile, lakini sasa karibu nikotini yote iko tayari kuingia kwenye damu, na inaingia haraka. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na magadi kwenye ugoro na chokaa kwenye tambuu yenye tumbaku. Kwa hiyo anayehudumia wajawazito Kenya au Tanzania asione habari hii ni ya watu wa barafu. Anayesema "situmii sigara, natia kidogo tu shavuni" anahitaji swali la pili: unachanganya na nini?

Swali hilo ni muhimu kwa sababu kipimo cha kupuliza pumzi kinapima kaboni monoksidi tu. Mtafunaji atapuliza, mashine itasoma kama ya asiyetumia, na kadi itaandikwa "hatumii". Kinachomwonyesha ni kotinini kwenye mkojo, yaani kile ambacho mwili hukitengeneza unapoivunja nikotini. Akiwa tayari kwenye dawa za kuacha tumbaku, yaani kibandiko cha ngozi au jojo za nikotini, kotinini itabaki juu hata kama ameacha kabisa. Hapo hupimwa anabasini, ambayo imo kwenye jani la tumbaku lakini haimo kwenye dawa hizo. Usimwite mtu mwongo kabla ya kujua umepima nini.

Ujauzito wenyewe unaongeza ugumu. Mwili wa mjamzito huondoa nikotini kwa kasi iliyozidi ya kawaida kwa takriban asilimia 60, na kotinini zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana arosto humjia mapema, naye huongeza kipande kingine bila kujua kwa nini. Ndiyo maana pia dozi ndogo ya dawa ya nikotini mara nyingi haifui dafu, mama akaamua kwamba dawa ni bure. WHO, katika mwongozo wake wa 2013, haikupendekeza wala kukataza nikotini ya dawa kwa mjamzito, na ilisema bupropioni na varenikline, dawa za kuacha tumbaku zisizo na nikotini, zisitumike. Inachosisitiza ni kuuliza kila mjamzito, kila hudhurio, na kumpa ushauri wa ana kwa ana. Mimi naona ushauri utangulie, na dawa ifuate kwa uamuzi wa daktari pale mama anaposhindwa.

Ikifikia dawa, jojo hutangulia kwa kuwa haimwagi nikotini mchana na usiku. Anayetumia tumbaku ndani ya dakika 30 tangu kuamka kwa kawaida huhitaji ya miligramu 4, mwingine 2. Hutafunwa taratibu mpaka ladha kali itokee, hubanwa shavuni, ikififia hutafunwa tena, jumla kama nusu saa. Kahawa, soda au juisi ndani ya dakika 15 kabla huharibu kazi, kwa sababu asidi inafanya kinyume cha majivu. Waliozoea iqmik hukosea hapa: wanaitafuna mfululizo, wanameza mate, wanapata kwikwi na kiungulia. Kibandiko kikitumika, kitolewe kabla ya kulala.

Baada ya kujifungua ndipo wengi wanaporudia. Mjamzito wa vijiji vya delta ya Yukon na Kuskokwim husafiri hadi Bethel, mji wenye hospitali, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake kusubiri kujifungua, mbali na nyumbani. Akirudi, kisanduku cha iqmik kipo mezani, na kuna desturi ya mwanamke kuwatafunia wengine kisha kuweka mchanganyiko huo kisandukuni, wakati mwingine hata kwa mtoto anayeota meno. Anayetafunia wengine naye anafyonza nikotini. Mpango upangwe kabla hajaondoka Bethel, mume na bibi wakiwepo: nani atawatafunia wengine sasa, na kisanduku kitawekwa wapi.

Kunyonyesha kusisimamishwe. Nikotini kwenye maziwa hufika karibu mara tatu ya iliyomo kwenye damu ya mama, na hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja na nusu hivi. Aliyeshindwa kuacha anyonyeshe kwanza, ndipo atafune, asukutue mdomo na kunawa mikono, kisha asubiri muda mrefu awezavyo kabla ya kunyonyesha tena. Mtu mzima huondoa nusu ya nikotini mwilini kwa saa 2 hivi, kichanga kwa takriban 11, kwa hiyo vipande viwili vilivyokaribiana humrundikia mtoto.