Toronto au Montreal? Usianze na kodi ya nyumba

Watu wakijua nimeishi miji yote miwili hii ya Kanada swali la kwanza ni wapi nyumba ni rahisi. Jibu ni Montreal, na ndo jibu lililoniponza.

Nilifika Montreal nikijiona mjanja, kodi ya nyumba iko chini, metro hiyo hapo, afu sheria ya Quebec, jimbo la Montreal ambako wengi wanaongea Kifaransa, hairuhusu mwenye nyumba akudai dipoziti, unalipa mwezi wa kwanza unapewa funguo. Toronto wanaruhusiwa kukudai wa kwanza na wa mwisho kwa mpigo. Kumbe sikuuliza la maana, kazi. Kifaransa changu kilikuwa bonjour na merci basi, kwenye intavyuu tunaanza vizuri kwa Kiingereza, mara naulizwa akija mteja wa Kifaransa utafanyaje, nabaki natabasamu. Miezi saba nabeba maboksi ghalani, wakati jamaa yangu Mkongo tuliyekuwa tunaishi naye alipata kazi ya ofisini wiki ya pili, na siivii yake wala haikuizidi yangu.

Kwa hiyo kabla hujaanza kukodolea picha za nyumba, fungua matangazo ya kazi ya fani yako kwa miji yote miwili, uhesabu mangapi yanataka Kifaransa. Mtu wa kompyuta anaweza kuponea, ila wewe wa kukaa na wateja au wagonjwa usijidanganye. Na wenye watoto mjue, kwa sheria ya 1977 watoto wa wahamiaji wengi huko Quebec wanasoma shule za Kifaransa, mi naona si mbaya, mtoto anashika lugha haraka, ila hizo homuweki utamsaidiaje?

Nilipohamia Toronto nikapata kazi ndani ya wiki tano. Kodi ya nyumba inaniliza mpaka leo, naishi chumba cha chini ya ardhi kwenye nyumba ya watu, dirisha liko usawa wa majani, theluji ikianguka sana sioni nje kabisa. Baridi isikupe shida ya kuchagua, kote inauma, Montreal imezidi kidogo. Ah, na kodi ya mapato, Quebec unajaza fomu za serikali kuu kivyake na za jimbo kivyake, Toronto unamaliza zote kwa mara moja.

Ila kama Kifaransa unakimanya, nenda zako Montreal. Yule Mkongo kila nikimtajia kodi ya nyumba ninayolipa huku anacheka mpaka simu inakatika.