Jirani mjamzito ametoweka na mtaa umekwisha kumhukumu mumewe

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mtaani kwetu hapa Tanga kuna dada ametoweka, leo siku ya tisa. Ana mimba ya miezi saba. Mumewe anasema alimuaga anakwenda kwao Pangani, na kwao wanasema hakufika. Kundi letu la WhatsApp la akina mama halina mazungumzo mengine. Wengi wanasema mume kamuua, picha yake inazunguka imeandikwa "muuaji", na wapo wanaosema mimba si ya mumewe, ndiyo maana. Mimi nami nimesambaza. Kuna aliyetukumbusha yule mjamzito wa Marekani aliyepotea mkesha wa Krismasi, mwisho ikaonekana mume ndiye. Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine: wiki mbili kabla hajapotea nilisikia ugomvi kwao usiku, na yule dada analia, anasema "utaniua". Mume wangu amenikataza kwenda polisi, anasema ya ndoa za watu hayaingiliwi. Je, kumdhania yule bwana ni dhambi? Na nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza habari ya dhana, lakini mwishoni umetaja jambo lisilo dhana hata kidogo, nami nitaanza na hilo kwa sababu haliwezi kungoja. Ulichokisikia usiku ule kwa masikio yako ni ushahidi. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 283, tusifiche ushahidi, na kwamba anayeuficha moyo wake umeingia dhambini. Nenda kituoni leo. Ukiona uzito kaunta, omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Eleza ulichokisikia tu: usiku upi, saa ngapi kwa kadiri unavyokumbuka, sauti ya nani, maneno gani. Usiongeze "ndiye aliyemuua", maana hilo hukuliona.

Mumeo nimemwelewa. Amelelewa kama tulivyolelewa wengi wetu, kwamba mlango wa mwenzio ukifungwa usiubishe. Lakini aibu ya ndoa ndiyo inayositiriwa, si roho ya mtu. Zungumza naye kwa upole, mwombe muende wote wawili. Akikataa kabisa, kumbuka hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Utii wa mke kwa mumewe nausomesha msikitini kila mwaka, na kwa kinywa kilekile nakwambia utii huo haufiki kwenye kuficha ushahidi wa uhai wa mtu.

Sasa dhana. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mola ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Ametaja baadhi. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zinajizungumzia ndani, madamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Kwa hiyo wasiwasi uliokujia kwa sababu ulisikia kilio, hilo si kosa lako. Nani asingekuwa na wasiwasi? Dhambi imeanza pale kidole kilipobonyeza kutuma ile picha. Umemwita mja wa Mungu muuaji mbele ya watu wasiojua kitu, na hujui.

Twende Madina. Kisa cha Ifki, yaani Mama Aisha, mke wa Mtume, alivyosingiziwa zinaa, sote tunakisimulia, lakini mara nyingi tunaanzia kwenye uzushi, tunasahau kilichotangulia. Kilichotangulia ni mwanamke aliyepotea. Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akirudi na Mtume kutoka vita vya Bani Mustaliq. Usiku msafara umepumzika, akatoka kwa haja yake, kidani chake kikakatika, akakaa kukitafuta. Waliokuwa wakibeba kipando chake walikinyanyua wakidhani yumo ndani, maana alikuwa msichana mwepesi wa mwili. Aliporudi akakuta hakuna mtu. Akakaa palepale, na mwenyewe anasimulia kwamba alitaraji wakigundua hayupo watarudi kumtafuta. Akalala hapo akisubiri, mpaka sahaba Safwan bin al-Muattal alipomkuta.

Wale wabebaji hawana lawama, hawakujua. Lakini tazama mizani ilivyolala: mwanamke amekaa peke yake jangwani akingoja watu waje kumtafuta, na watu wakaja kupata muda wa kumsema, karibu mwezi mzima. Na mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani, hana habari ya linalosemwa. Katika kundi lenu la akina mama, binti yangu, kwa siku hizi tisa, ni jumbe ngapi zimehusu mume, na ni ngapi zimeuliza alivaa nguo gani, alipanda gari gani, nani alimwona stendi, kliniki yake ya wajawazito ni ipi na tarehe yake ya kurudi ni lini? Wanaopotea ni wawili, yeye na aliye tumboni. Mtoto huyo ana haki katika sheria yetu hata kabla hajazaliwa: wanawake wawili wa kabila la Hudhayl walipogombana, mmoja akampiga jiwe mwenzake mjamzito, Mtume alihukumu fidia ya kile kiumbe cha tumboni peke yake.

Na hao wanaosema mimba si ya mumewe? Hapo napandisha sauti. Hiyo ni kadhfu, kumsingizia mwanamke zinaa. Suratun Nur, aya ya 4, imeweka adhabu ya viboko 80 kwa asiyeleta mashahidi wanne, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Kisha aya ya 23 ikawalaani wanaowasingizia wanawake watwaharifu walioghafilika, yaani wasio na habari. Nani ameghafilika zaidi ya mtu ambaye hata haijulikani yuko hai au la? Hawezi kujibu. Mnamzika mara mbili.

Usielewe kwamba dini inakataa dalili. Kanzu ya Nabii Yusuf ilichanwa nyuma, na hilo likatosha kumsafisha. Simu ilikuwa wapi, damu, gari, kamera za barabarani, hayo yote ni katika jinsi hiyo, na yana watu wake wa kuyachunguza. Inachokataa ni kumhukumu mtu kwa moyo uliojaa. Sahaba Abdullah bin Sahl alikutwa ameuawa Khaybar. Jamaa zake walikuwa na hakika ni watu wa Khaybar waliomuua. Mtume akawaambia waape viapo 50. Wakasema: tutaapaje kwa jambo ambalo hatukulishuhudia? Walikuwa na uchungu wa ndugu yao, wana watuhumiwa mbele yao, na bado wakaogopa kuapa. Mtume akalipa mwenyewe fidia yao, ngamia 100, damu isipotee bure. Na sisi wafuasi wa Imam Shafii, hata pale dalili zinapokuwa na nguvu na jamaa wakaapa, kauli iliyotegemewa katika madhehebu ni kuwa wanastahiki fidia, hawapewi shingo ya mtu. Watu wa mtaani hawakuulizwa hata kuapa.

Ama yule wa Marekani, kisa chake nakijua. Ni mji wa Modesto, California, tarehe 24 Desemba 2002, mimba ya miezi minane. Mume alisema siku hiyo alikwenda kuvua samaki kwenye ghuba ya San Francisco, na Aprili 2003 miili ya mama na mtoto ikaokotwa pwani ya ghuba hiyohiyo. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Novemba 2004, baada ya miezi ya ushahidi. Ni kweli basi kwamba waliomshuku walipatia. Lakini makelele yao yalikuwa makubwa kiasi kwamba kesi ilibidi ihamishiwe wilaya nyingine ili wapatikane watu wa kuisikiliza kwa haki. Na aliyewatajia kisa hicho hakuwatajia kilichotangulia. Mwaka mmoja na nusu kabla, Mei 2001, binti mwingine mwenyeji wa mji huohuo wa Modesto alipotea Washington. Nchi nzima ikamnyooshea kidole mbunge wa jimbo lao aliyekuwa na uhusiano naye. Hakushitakiwa kamwe. Mabaki ya binti yakaonekana mwaka uliofuata katika msitu wa bustani ya jiji. Baadaye mtu mwingine alihukumiwa, hukumu ikafutwa, na mwaka 2016 mashitaka yakaondolewa. Mama yake yule binti hakupata jibu katika hukumu hiyo. Mji mmoja, hakika ileile vinywani mwa watu.

Kuhusu ulichokwisha kukituma: kifute, kisha andika katika kundi hilohilo, kwa maneno yasiyofichika, kwamba ulisambaza usilolijua na unaomba kila aliyeipokea ile picha aifute. Usimwandikie mmoja mmoja kwa siri. Palipochafuliwa ndipo panapofagiliwa. Haki ya yule bwana iko shingoni mwako mpaka umwombe radhi. Usimwendee sasa, kwa usalama wako na kwa kuwa wewe ni shahidi. Ngoja uchunguzi uishe. Ikithibiti hana hatia, nenda na mumeo. Wakati huo muombee dua, hata kama moyo unakuwa mzito. Ikithibiti yeye ndiye, neno lako la kituoni litakuwa na uzito ambao picha elfu hazina.

Na katika kundi hilo, badala ya ile picha, pelekeni picha ya dada mwenyewe kwa idhini ya wazazi wake, pamoja na nguo alizovaa, siku aliyoondoka na namba ya kituo. Gawaneni: wawili waende hospitali na vituo vya afya kuanzia Tanga hadi Pangani, wawili wazungumze na makondakta wa magari ya njia hiyo, mmoja akae na mama yake, ampikie, kwa sababu mama wa aliyepotea hali.

Nakuombeeni Allah amrejeshe salama na kilicho tumboni mwake. Ukitoka kituoni niandikie.

Wallahu aalam.