Flashi moja kwa swichi zote: kusanidi Cumulus Linux pasipo DHCP

Swali: Nina swichi 12 mpya zenye Cumulus Linux toleo la 5 (mfumo endeshi wa swichi za mtandao), na eneo la mradi halina seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP. Niliandika skripti ya usanidi, nikaihifadhi kwenye flashi kwa jina la ztp.sh, nikaingia kwenye swichi ya kwanza kwa kebo ya konsoli na kubadilisha nenosiri, kisha nikachomeka flashi. Hakuna kilichotokea. Nimekosea wapi, na je, kila swichi itahitaji flashi yake?

Jibu: Flashi moja inatosha. Ama kuhusu kukwama kwa ZTP (utaratibu wa swichi kujisanidi yenyewe inapowashwa), maelezo yako yana vizuizi vitatu. Kwanza ni jina: swichi hutafuta kwenye saraka ya juu kabisa ya flashi, ikianza na majina yanayotaja aina ya kifaa na kuishia na jina la jumla, cumulus-ztp, lisilo na kiendelezi. Jina ztp.sh hailitambui. Pili, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 huchomekwa kabla ya kuwasha swichi, kwa kuwa huitafuta mara moja tu. Kizuizi cha tatu huwapata zaidi mafundi waangalifu: mfumo ukibaini kwamba nenosiri, watumiaji au mipangilio ya milango imekwisha kubadilishwa kwa mkono, huacha kujisanidi ili usije ukafuta kazi ya mtu. Kwa swichi hiyo andika sudo ztp -R, amri inayorudisha ZTP kwenye hali ya mwanzo, kisha iwashe upya ikiwa na flashi. Hizo nyingine usiziguse kwa konsoli kabla hazijajisanidi.

Ndani ya skripti lazima yawemo maneno CUMULUS-AUTOPROVISIONING, hata kama ni kwenye mstari wa maelezo tu, yasipokuwemo, haitatekelezwa. Kama uliiandika kwenye Windows, ipitishe kwanza kwenye dos2unix, maana alama za Windows za mwisho wa mstari huiharibu pasipo jicho kuona kasoro.

Ili flashi moja izihudumie zote, tengeneza folda ya usanidi yenye faili moja kwa kila swichi, likiitwa kwa namba ya mfululizo ya swichi hiyo. Skripti isome namba hiyo kutoka kwenye matokeo ya decode-syseeprom (amri inayoonyesha utambulisho wa kifaa), iiweke kwenye kigeu NAMBA, isubiri huduma ya nvued, inayoshughulikia amri za nv, iwe tayari, kisha itekeleze:

nv config replace "$ZTP_USB_MOUNTPOINT/usanidi/$NAMBA.yaml"
nv config apply -y

Kigeu ZTP_USB_MOUNTPOINT ni cha lazima, kwa sababu flashi hupachikwa kwenye saraka ya muda chini ya /tmp ambayo huwezi kuibashiri jina. Faili la namba husika likikosekana, skripti iishe kwa exit 1, yaani ishara ya kushindwa. Wapo wanaopenda kuweka usanidi wa akiba kwa hali hiyo. Mimi siupendekezi, kwani swichi mbili zenye anwani moja ya IP husumbua kuliko swichi moja tupu. Mambo yakienda sawa, iishe kwa exit 0, la sivyo swichi haitahesabu kwamba imefaulu.

Nenosiri liwekwe na skripti yenyewe, pamoja na amri passwd -x 99999 cumulus, ili lisidaiwe kubadilishwa mtu anapoingia mara ya kwanza. Liwe la muda tu, kwa kuwa flashi hupotea.

Kabla ya kuchomoa flashi, endesha ztp -s. Isipoonyesha mafanikio, sababu utaisoma kwa journalctl -u ztp.service.