Uyoga wa tsukiyotake ukutani: kwa nini rangi inafifia mapema

Swali: Nachora ukutani uyoga wa Kijapani uitwao tsukiyotake, ule unaong'aa usiku. Nilinunua unga wa kijani unaong'aa gizani nikauchanganya na rangi ya maji nyeupe. Uliwaka kidogo tu ukafifia, na kesho yake mchanganyiko ulikuwa na mabonge. Nimekosea wapi? Na je, niupake uyoga mzima?

Jibu: Kosa la kwanza ni hiyo rangi nyeupe. Weupe wake unatokana na titani dioksidi, ambayo huzuia mwanga usiufikie unga kuuchaji, kisha huzuia mng'ao usitoke. Nyeupe iwe chini. Paka ukuta mikono miwili ya rangi nyeupe, iache ikauke kabisa, ndipo uchore juu yake kwa unga uliochanganywa na midiamu ya akriliki isiyo na rangi, yaani kimiminika angavu cha kubebea rangi. Nyeupe hiyo ya chini itaurudisha mng'ao kwa mtazamaji.

Mabonge yana sababu nyingine. Unga mwingi wa siku hizi ni strontiamu aluminati, kemikali inayohifadhi mwanga na kuutoa gizani, na chembe zake zisipofunikwa huharibiwa na maji. Kabla ya kununua mwingi, koroga kijiko kimoja kwenye maji na uache siku mbili. Ukiganda chini kama plasta, haufai kwa akriliki. Tafuta uliofunikwa dhidi ya maji.

Pima gramu 30 za unga kwa gramu 70 za midiamu. Koroga kwa kijiti cha mbao, kwani chembe ni ngumu, hukwangua chuma na mchanganyiko ukageuka kijivu. Usizisage, maana zikivunjika hupoteza mng'ao. Vaa barakoa unapopima, na koroga mara kwa mara kwa sababu unga ni mzito, hutuama. Paka mikono mitatu, kila mmoja ukauke kwanza. Vanishi inayochuja miale ya urujuanimno (UV) usiiguse, kwa kuwa miale hiyo ndiyo inayochaji unga vizuri. Taa ya manjano nayo huchaji vibaya; tumia mwanga wa mchana au taa nyeupe ya LED.

Hata ukifanya yote sawasawa, mng'ao hushuka haraka dakika za mwanzo. Usihukumu kazi hapo. Kaa gizani dakika 20, macho yazoee, ndipo utazame.

Uyoga mzima usiupake. Tsukiyotake, Omphalotus japonicus, huota kwa kupandana kwenye magogo ya miti, na mwanga wake hutoka kwenye vikunjo vyembamba vya chini ya kofia. Juu ya kofia ni kahawia tu, hapawaki. Kwa hiyo mchore ukitazamwa kutoka chini, vikunjo uvichore kimoja kimoja kwa brashi nyembamba. Ukichora mmoja uliopasuliwa, weka doa jeusi ndani ya nyama karibu na shina. Doa hilo ndilo huutofautisha na shiitake, uyoga unaoliwa, na ni jambo zito: uyoga huu ni sumu na huwadhuru wachumaji Japani mara kwa mara. Katika simulizi ya kale ya huko, mtawa mmoja anampikia mkuu wake uyoga wa sumu ili arithi cheo, na mkuu huyo anaula bila kudhurika. Kwa kawaida uyoga huo hudhaniwa kuwa ndio tsukiyotake. Mandhari hiyo ingependeza sana ukutani.

Rangi yenyewe usiiongezee kijani. Uyoga unaong'aa hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 520 hadi 530, yaani kijani, na unga wa kijani wa strontiamu aluminati hutoa karibu 520, kwa hiyo vinakaribiana mno. Kijani kikali cha kwenye picha kinatokana na kamera kuachwa wazi muda mrefu. Jicho gizani huona weupe uliopauka.

Ukitaka msitu wa Ulaya, mambo hugeuka. Uyoga wa huko uitwao Armillaria wenyewe hauwaki. Zinazowaka ni nyuzi zake ndani ya mti uliooza. Olaus Magnus, mwandishi kutoka Uswidi, aliandika mwaka 1555 kwamba watu wa kaskazini mwa Ulaya waliweka vipande vya magome yaliyooza yenye kung'aa njiani ili wasipotee msituni. Hapo uyoga uache giza, mng'ao uupake kwenye nyufa za gogo.