Yaya wa Kiislamu Paris: mshahara, divai na mtoto aliyebaki Tanga

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane kutoka Tanga, nafanya kazi ya yaya kwa familia tajiri ya Kifaransa hapa Paris. Wananiheshimu na mshahara haucheleweshwi. Ila watoto huwa nawapikia nyama ya nguruwe, na Jumamosi wakija wageni mama mwenye nyumba hunitaka niwamiminie divai. Wakati wa baridi Alasiri hunipita kwa sababu ya kuwachukua watoto shuleni. Mwanangu yuko kwa mama yangu. Ndugu wa marehemu mume wangu wanasema pesa ninazotuma ni haramu, na kwamba nimemtupa mtoto nikalee watoto wa makafiri. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kumfanyia kazi asiye Mwislamu kwa ujira si haramu. Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka, akamfanyia kazi al-Aas bin Waail, naye ni mshirikina. Alipokwenda kudai haki yake akaambiwa hatalipwa mpaka amkufuru Muhammad (s.a.w.), na Khabbab akakataa. Habari hii imo katika Sahih Bukhari. Kazi yake hakulaumiwa nayo, lakini dini hakuiuza. Basi kumwogesha mtoto, kumlisha na kumshika mkono barabarani ni kazi safi, na mshahara wake ni halali yako.

Divai ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na miongoni mwao ni mwenye kuibeba na mwenye kuinywesha, ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas. Zungumza na mama huyo siku ambayo hakuna wageni. Mwambie utaandaa meza, utapakua chakula, utaosha vyombo na kuwalaza watoto, lakini chupa amimine mwingine. Wewe uliajiriwa kulea, hukuajiriwa kuhudumia karamu, na mwajiri anayekuheshimu ataelewa. Nyama ya nguruwe nayo usiipike. Pendekeza ya kuku au ya bata mzinga, ambayo madukani Ufaransa imejaa, au mama aipike mwenyewe. Ikikugusa ikiwa na unyevu, kauli mashuhuri ya madhhebu yetu ya Shafi'i ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhhebu hayo, katika kitabu chake al-Majmu' aliona kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha, na mtu aliye katika hali yako aichukue kauli hiyo bila wasiwasi. Yaliyopita tubu kwayo. Hayaharamishi mshahara wako wote, kwa kuwa asili ya kazi ni malezi.

Kuhusu Alasiri, nadhani unaisubiri kwa saa ulizozoea Tanga. Paris mwezi wa Desemba Adhuhuri huingia kabla kidogo ya saa saba mchana, Alasiri huingia kabla ya saa tisa, na jua huzama karibu na saa kumi na moja. Shule nyingi za msingi huko hufunga saa kumi na nusu. Basi swali kabla hujatoka kwenda shuleni. Rakaa nne hazitakuchelewesha. Siku ukibanwa kweli, kuna hadithi ya Ibn Abbas katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya sala (akaswali mbili kwa wakati mmoja) Madina bila hofu wala mvua, ili asiutie umma wake uzito. Baadhi ya wanachuoni wetu, akiwemo Ibn al-Mundhir, wameruhusu hivyo kwa haja, mradi isiwe mazoea. Watoto wakikuuliza unafanya nini unaposujudu, waambie unamwomba Mungu. Usiwafundishe jambo la dini kwa siri wazazi wao wasijue, kwa sababu umekabidhiwa kwa amana.

Sasa mwanao, na hapa ndipo nilipoumia niliposoma barua yako. Mama yake Musa (a.s.) alilipwa na nyumba ya Firauni kumnyonyesha mtoto, kama inavyofahamika katika Surat al-Qasas aya ya 12 na 13. Ibn Kathir, katika tafsiri yake ya Qur'ani, anasimulia kwamba mke wa Firauni alimtaka ahamie kwake, naye akakataa kwa kuwa alikuwa na mume na watoto, akakubaliwa amnyonyeshee nyumbani kwake. Ukipata kazi karibu na mwanao, hata ya mshahara mdogo zaidi, mimi naipendelea hiyo. Lakini hujamtupa. Mtoto aliye mikononi mwa bibi yake, anayelishwa na kusomeshwa kwa jasho la mama yake, hakutupwa.

Na hao wanaokulaumu nawauliza: babu mzaa baba yuko wapi? Katika madhhebu yetu, yatima asiye na mali gharama za matunzo yake ni juu ya babu huyo akiwa na uwezo, kabla ya mama. Kama yu hai na anaweza, mpelekeeni kadhi suala hili, alipe. Kama hayupo au hana, basi unabeba mzigo ambao hakuna mwingine aliyeubeba, na si halali yao kukuumiza kwa maneno. Mpigie mwanao simu kila siku, na likizo yako iwe ya kwake, si ya kupokea jamaa wenye shida.

Wallahu a'lam.